Kwa vijana wa gemu za PlayStation pale Jericho, Nairobi

Vijana wangu, habari zenu. Ni mimi mzee wa kibanda cha viatu hapo jirani, yule mmezoea kumsikia akigomba ati mnaozea ndani mbele ya TV. Hayo maneno nayarudisha, mniwie radhi. Mimi ni mtu wa mpira, 1987 nilikuwa Kasarani klabu ya Gor Mahia ikichukua Kombe la Washindi la Afrika tukarudi mtaani kwa miguu tukiimba, kwa hivyo kwangu mchezo ni jasho, kama goti halijachubuka hujacheza. Kumbe kwa Michezo ya Asia kule Hangzhou 2023 gemu zimetoa medali, dhahabu sawa tu na ya mkimbiaji. Haya basi.

Na kuna mahali mmetupita. Wakati wetu wasichana walikaa nje ya laini kushangilia. Sasa Sylvia Gathoni, huyo mnamuita Queen Arrow, 2018 alisajiliwa na timu ya Marekani juu ya Tekken, ile gemu ya kupigana, na hapo hakuna ligi ya wanaume na ya wanawake, padi ya kuchezea ni padi. Sasa mbona juzi yule msichana wa ploti ya nyuma akiwachapa tano bila mkaanza kumuuliza kama kwao ameshapika? Nilisikia, hayo mabati hayafichi kitu.

Lakini kilichonifanya nishike simu niandike ni hii sheria ya mwenye kushindwa ndiye analipa. Mkali anacheza bure kutwa, mtoto mwenye mbao moja tu, shilingi ishirini, anapigwa mara moja halafu anasimama mlangoni akiangalia hadi giza, na ndiye alihitaji kucheza zaidi. Sisi mazoezini hata yule mbovu aliingia, maana beki akivunjika kwa mashindano ya mtaa ya Koth Biro tungemtoa wapi mwingine? Arslan Ash wa Lahore, mkali wa Tekken, 2019 alishinda EVO Japan, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, na EVO ya Las Vegas mwaka huo huo, halafu akasema nyumbani Pakistan wako wengine wakali kama yeye. Hao ndio walimnoa bana, si ati alikuwa anawakalia kiti.

Nimeongea na mwenye base, hapo mnapochezea. Kila Jumanne saa kumi hadi saa kumi na moja nalipa mimi, wanacheza wale wasio na kitu, na nyinyi wakali mnakaa kando yao mkiwaonyesha. Na mniwekee padi moja, ile kifungo chake hakijakwama.