Mdogo wangu wa Berlin, hiyo spa tusiijenge Ihefu

Mdogo wangu,

Hatujambo huku Uyole, ila baridi. Julai hii hata paka hatoki jikoni. Picha ulizotuma kutoka Spreewald, kule Ujerumani, zimezunguka ukoo mzima, na ule ujumbe wako mrefu wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho. Nakujibu hadharani kwa sababu wazo lako la kujenga spa, yaani mabwawa ya maji moto na sauna, pembeni ya Ihefu, ardhioevu ya Usangu huku Mbeya, si lako peke yako. Wengi wa kwetu wakikaa Ulaya miaka miwili mitatu hurudi na wazo la namna hiyo, na safari hii kikao cha ukoo kimenitupia mimi kazi ya kulijibu.

Mama aliuliza swali moja tu: ni kweli hao watu wa kwenye sauna, kile chumba cha hewa ya moto, wanakaa uchi, wanaume kwa wanawake? Nikamwambia ndiyo, mama, Ujerumani ndiyo desturi yao, taulo ni la kukalia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema basi bila shaka wewe ulibaki upande wa kuogelea. Nimemwachia aamini hivyo.

Naelewa kwa nini Spreewald pamekushika. Mto Spree ukifika pale, kama kilomita mia kusini-mashariki mwa Berlin, unakuta ardhi tambarare na kugawanyika kuwa mamia ya vijito na mifereji, miti imeinama huku na huku. Uliponiambia kwamba kijiji cha Lehde hadi leo kinapelekewa barua kwa mtumbwi majira ya joto, na mpeleka barua anasukuma kwa upondo, nilicheka. Upondo! Wavuvi wa Ihefu nao husukuma hivyohivyo, ila hakuna mtalii anayewalipa kwa hilo. Halafu jioni ukaenda Burg, hukohuko, kujitumbukiza kwenye maji ya chumvi yenye joto. Nani asingependa?

Sasa wazo lako. Unasema tununue ekari kadhaa Usangu, pembeni ya Ihefu, tujenge spa kama ile, kwa kuwa sisi tuna vyote viwili: maji moto tunayo, ardhioevu tunayo. Ni kweli tunavyo. Lakini havikai pamoja. Maji moto yako Songwe, magharibi ya Mbeya mjini, na mto wa pale unakwenda Ziwa Rukwa. (Usiuchanganye na ule Songwe mwingine wa mpakani na Malawi, unaoingia Ziwa Nyasa; wageni wanapotezwa na jina hilo kila mara.) Ihefu iko mashariki, mwendo wa zaidi ya kilomita mia, na maji yake yanakwenda Ruaha Mkuu, Rufiji, hadi Bahari ya Hindi. Hata kule Burg usifikiri maji ya bwawa yanatoka mtoni. Wamechimba kisima cha zaidi ya mita elfu moja kwenda chini. Mto uko pale kwa ajili ya macho tu.

Na pembeni ya Ihefu unapopasema, sehemu kubwa ni hifadhi. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa na ng'ombe wao, na mwaka 2008 eneo likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambayo ilifika zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Tangu hapo mipaka wilayani Mbarali imekuwa neno zito. Kuna vijiji vimeishi miaka bila kujua kama viko ndani au nje. Mtu akikuuzia ekari huko kwa simu, tena kwa bei ya kirafiki, kata simu.

Lakini hata kama ardhi ingepatikana kihalali, mimi ningekataa, kwa sababu ya Ng'iriama. Nataka uielewe Ng'iriama. Mito mingi ya milima yetu, Kimani, Chimala, Mbarali, Ndembera na mingine, inashuka Usangu na kujaza Ihefu. Mlango wa kutokea ni mmoja: kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Maji ya Ihefu yakiwa juu ya mwamba, yanamwagika na Ruaha Mkuu unaendelea na safari. Yakishuka chini ya mwamba hata kidogo, hakuna tone linalotoka. Mwaka 1993 mto ulikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, na tangu hapo imekuwa ni jambo la karibu kila mwaka. Viboko na mamba wanabanana kwenye madimbwi. Mtera na Kidatu, mabwawa ya umeme, nayo yako upande wa chini wa mto huohuo. Wewe unakumbuka mgawo wa umeme tukiwa shule.

Nani anachukua maji? Hapo watu hurushiana lawama. Waliotolewa walikuwa wafugaji, na ni kweli ng'ombe walikuwa wengi mno. Lakini juu ya Ihefu kuna mashamba ya mpunga, makubwa kwa madogo, na mifereji inayochota mtoni hata miezi ambayo mpunga haupo shambani. Ng'ombe wameondoka mwaka 2006, mto umeendelea kukauka. Mimi nakula wali wa Mbarali kila Jumapili, kwa hiyo siwezi kumnyooshea mkulima kidole nikiwa na sahani mkononi. Ninachosema ni kwamba hoteli yenye mabwawa, mabafu na bustani ya kumwagiliwa ingekaa upande uleule wa juu ya mwamba, ikichota katika miezi ileile ambayo watalii wanakuja, yaani kiangazi.

Kitu ambacho ningependa uturudishie kutoka Spreewald ni kile ambacho hukukipiga picha. Ile ni hifadhi ya UNESCO tangu 1991, na watu wamo ndani. Wanalima matango yao (yale ya chupa ambayo jina lake Umoja wa Ulaya unalilinda tangu 1999), wanakata nyasi, Wasorbi, Waslavi wachache wa kule, wanaongea lugha yao na vibao vya barabarani vimeandikwa kwa lugha mbili. Kuna vipande vidogo vya kiini ambako hakuna mtu anayegusa kitu, na kwingine kote kuna masharti ya namna ya kutumia ardhi. Huku kwetu mstari ulichorwa mmoja: ndani mnyama, nje mtu. Ukipata nafasi uliza watu wa kule walipatanaje, nani alilipwa, nani alikataa. Hilo lina thamani kwetu kuliko ramani ya sauna.

Wala usidhani wao wamemaliza matatizo. Kwa miongo mingi Spree imekuwa ikiongezewa maji yanayopampiwa kutoka migodi ya makaa ya mawe iliyo upande wake wa juu. Ujerumani imepanga kuacha makaa ifikapo 2038, pampu zitazimwa, na mwaka 2023 idara yao ya mazingira ilionya kwamba katika miezi ya kiangazi maji ya mto yanaweza kupungua kwa hadi asilimia 75. Ajabu hiyo: mgodi ndio uliokuwa unaunywesha mto.

Songwe ni habari nyingine, na hapo niko tayari kuzungumza. Maji yanatoka ardhini yakiwa na zaidi ya nyuzi 70 pale penye moto zaidi. Vijana wanachemshia mayai na kuacha maganda. Usiseme kwamba sauna ilikuwa nyuzi 90 na hukuungua. Ile ni hewa. Maji ya nyuzi 70 yanavua ngozi kabla hujamaliza kupiga kelele. Kwa hiyo bwawa la kuogea litakuwa mbali kidogo na jicho la chemchemi, maji yapoe njiani, na kuwe na uzio ambao mtoto hapenyi.

Fundi pia utamhitaji anayejua chokaa. Maji yale hutoka na gesi. Yakifika hewani gesi inatoroka, na chokaa iliyomo inaganda. Ndivyo ule mwamba mweupe unaochongwa kule kuwa vigae ulivyotengenezwa. Bomba lako la inchi mbili litaganda vilevile kutoka ndani, na hakuna anayejenga kwa picha za mtandaoni anayeweka gharama hiyo kwenye hesabu. Mimi ningechimba mfereji wa wazi, unaoweza kukwanguliwa kwa jembe. Choo kizuri, vyumba vya kubadilishia nguo, mwanamke wa kijijini mwenye banda la chai na viazi. Makubaliano na serikali ya kijiji yaandikwe na yasomwe mbele ya mkutano. Nguo za kuogea ni lazima, mama ataulizia.

Zile euro usizitume bado, wala usimwahidi binamu yeyote umeneja. Kata tiketi ya Septemba. Ushukie Dar, tukutane Iringa, twende kwanza Ruaha pale Msembe, makao makuu ya hifadhi, usimame kwenye mchanga wa mto, ujionee mwenyewe kiangazi kinavyokuwa. Songwe tutaenda wiki inayofuata, asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, tukiwa na kipimajoto na futi kamba. Bei ya ekari tutaiongea baada ya hapo.

Dada yako.