Punje mbili za Idi

Magomeni, Dar es Salaam

Rehema shoga yangu,

Salamu nyingi. Zuhura hajambo, anakula vizuri, na joto la huku ameshalizoea. Nakuandikia kwa sababu ya swali aliloniuliza juzi jioni tukichambua maharage barazani: "Mama mdogo, mbona Idi amezaliwa mweupe na sisi sote weusi? Kuna watu wanasema mama alivunja mwiko."

Nikaweka ungo chini.

Nikamtolea punje nyekundu na nyeupe. Nikamwambia mwili hutengeneza rangi ya ngozi, nywele na macho, iitwayo melanini, kwa kufuata jeni, yaani maagizo tunayorithi kwa wazazi, na jeni huja mbilimbili: moja ya baba, moja ya mama. Nyekundu inajua kutengeneza rangi, nyeupe haijui. Mwenye nyekundu moja tu rangi yake inatosha kabisa, wala huwezi kujua kwamba ana nyeupe ndani. Baba na mama yako wako hivyo wote wawili.

Nikashika nyekundu moja na nyeupe moja katika kila kiganja, huyu baba, huyu mama, yeye akafumba macho na kuchomoa moja huku, moja huku. Nyeupe kwa nyeupe ndiye mtoto mwenye ualbino. Kwa kila mimba, bahati hiyo ni moja kati ya nne. Basi nyeupe tupu zikatoka mara mbili mfululizo, akanipigia kelele kwamba namdanganya! Nikamwambia punje hazikumbuki za jana. Kila mimba huanza upya.

Nikamsimulia pia habari za Gregor Mendel, mtawa wa Brno, mji wa Ulaya, aliyeanza kuchunguza njegere mwaka 1856. Alichanganya za manjano na za kijani, watoto wote wakatoka manjano. Kwa wajukuu akahesabu 6,022 za manjano na 2,001 za kijani. Kijani kilikuwa kimejificha kizazi kizima.

Rehema, hayo maneno ya ukweni usiyabebe tena. Idi amepokea moja kwako na moja kwa baba yake, na hakuna kati yenu aliyechagua ampe ipi. Mwonyeshe mumeo mchezo huu wa maharage, naye awaonyeshe mama yake na dada zake.

Usiku, nikidhani Zuhura amelala, akauliza: "Na mimi ninayo nyeupe?" Nikamjibu huenda, maana katika jozi tatu zenye rangi, mbili zina nyeupe ndani. Akanyamaza kidogo. "Kumbe mimi na Idi tunaweza kuwa tumefanana ndani."

Jumamosi nampandisha basi. Anakuja na kofia ya ukingo mpana tuliyomnunulia mdogo wake Kariakoo, na losheni ya kukinga jua. Mafuta ya kawaida hayatoshi. Mpeleke pia kwa daktari wa macho mapema, usingoje aanze shule, kwa kuwa melanini inahitajika hata machoni.

Nibusie Idi.

Wako,
Mwajuma