Shilingi yenu, shilingi yetu

Arusha

Ndugu yangu Kamau,

Salaam nyingi. Huku hatujambo. Mvua inasuasua, lakini Mang'ola wana maji yao ya mifereji kutoka kwenye chemchemi, kwa hiyo vitunguu vipo na bei haijachangamka bado. Ile sauti yako ya WhatsApp nimeisikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza nilikuwa sokoni na sikuambulia kitu. Unasema Watanzania ndio tunaoikwamisha sarafu moja ya Afrika Mashariki, kwamba kila jambo la Jumuiya tunajikokota kama tunapelekwa kwa nguvu. Nimeona nikujibu kwa maandishi, kwa sababu kwenye simu huwa hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Kwanza nikupe haki yako. Anayesema kubadili hela si gharama hajawahi kusimama mpakani Namanga na mnunuzi wa vitunguu. Kijana wa chenji ana bei ya kununulia na ana bei ya kuuzia, na yeye anakula hapo katikati. Ukichukua milioni yako ukaibadili kwenda Kenya, ukaghairi safari na kuibadili tena pale pale, hujanunua hata kitunguu kimoja na hela imeshapungua. Halafu kuna yale ya mwaka 2019, Kenya ilipoifuta noti ya elfu moja ya zamani na Benki Kuu ya huku ikasitisha kubadili shilingi zenu. Nilimwona mzee mmoja pale mpakani ana bunda la elfu elfu kwenye mfuko wa rambo, anazungushwa kutoka mlango huu hadi ule. Kwa sarafu moja, kero ya namna hiyo haipo. Hapo sibishani na wewe.

Lakini hebu turudi Januari 2024. Dola moja ilipita shilingi 160 za Kenya. Kila mtu alikuwa na wasiwasi na ile hatifungani, deni la serikali yenu la dola bilioni 2 lililotakiwa kulipwa Juni, na mwenye hela Nairobi alikuwa anasaka dola azifiche. Huku shilingi yenu moja ikashuka hadi kama 15 na nusu za kwetu. Mnunuzi aliyekuja na laki moja yenu alishika milioni moja na nusu na chenji kidogo, anafika Mang'ola anakuta gunia bei ni ile ile, basi anapunguza magunia na lori linaondoka halijajaa. Februari serikali yenu ikakopa upya dola bilioni 1.5 za kupunguzia lile deni, wasiwasi ukapoa, na kufika Aprili shilingi moja yenu ilikuwa inakaribia 20 za kwetu. Laki ile ile sasa ni karibu milioni mbili. Madalali waliokuwa wanapiga soga kivulini wakaanza kugombania magari.

Wewe unauchukua mfano huo huo na kusema, unaona, sarafu moja ingetuepusha na kuyumba. Mimi naona kinyume chake. Februari hiyo Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake, ile inayoongoza riba za mikopo ya mabenki, hadi asilimia 13 ili shilingi isiendelee kushuka. Ya Tanzania ilikuwa imeanza tu Januari kutumia riba ya namna hiyo, na ilikuwa imeiweka 5.5. Mfumuko wa bei kwenu ulikuwa karibu asilimia 7, kwetu 3. Sasa tuseme tuna benki kuu moja na wakubwa wamekaa mezani siku ile. Wanatangaza riba ipi? Wakisema 13, mkulima wa Mang'ola anayekopa pampu ya maji analipia wasiwasi wa deni ambalo wala hakulisikia likikopwa. Wakisema 5.5, shilingi yetu sote inaendelea kuporomoka, na wewe Nairobi ndiye unayenunua petroli na unga kwa bei ya kukutoa machozi. Wakichukua ya katikati, wewe hupati ahueni na mimi naumia bure. Zikiwa shilingi mbili, yenu ilishuka ikasema kuna shida Nairobi, ya kwetu ikabaki na mambo yake. Mimi mfanyabiashara wa mpakani nilipata hasara, sikatai. Ila tulioumia huku tulikuwa wachache, na kwa miezi michache.

Hoja yangu yenyewe ni hiyo, Kamau. Yanayofuata ni nyongeza.

Najua utasema ndiyo maana kukawekwa masharti. Ni kweli, Itifaki ya Umoja wa Fedha ilisainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013, na masharti yake si mabaya: mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isizidi 3 ya pato la taifa, deni la taifa lisizidi 50, na akiba ya fedha za kigeni itoshe kuagiza bidhaa kwa miezi minne na nusu. Na nchi iyatimize miaka mitatu mfululizo, isiwe mwaka mmoja wa bahati. Sarafu ilikuwa ianze 2024. Ikasogezwa hadi 2031, na sidhani kuna aliyeshangaa. Deni la Kenya limepita asilimia 60 ya pato lenu. Burundi mwaka 2023 mfumuko wa bei ulikuwa juu ya asilimia 20, Sudan Kusini mwaka uliofuata ukapita 100. Kongo anayeweka akiba benki anaweka dola. Somalia hata mafungu ya mchicha yanalipiwa dola kwa simu, kwa sababu noti zao za shilingi ni kuukuu na nyingi ni za bandia. Itifaki iliposainiwa tulikuwa nchi tano, leo ni nane. Sisemi hao ndugu zetu wasingeingia kwenye Jumuiya. Nasema tu usinyooshee kidole Dodoma peke yake.

Halafu unapenda kukumbushia shilingi moja ya Afrika Mashariki, ile ya wazee wetu. Babu yangu naye aliisifia sana: ile senti yenye tundu ukaipitisha kwenye kamba, shilingi yenye simba, unapanda basi Moshi unashuka Kampala na hela ile ile mfukoni. Ilikuwa vile kweli. Lakini nani alikuwa anaiendesha? Bodi iliyoundwa mwaka 1919 na kukaa London, ikahamia Nairobi 1960 tu, na shilingi yenyewe ilikuwa imefungwa kwenye pauni ya Uingereza. Hakuna aliyegombana juu ya riba kwa sababu hakuna Mwafrika aliyeulizwa. Tulipopata uhuru kila serikali ikataka kupanga mambo yake, na 1966 kila mmoja akafungua benki kuu yake. Watu husema Jumuiya ya kwanza ilivunjika ndipo shilingi zikagawanyika, wakati zilishagawanyika miaka kumi na moja kabla.

Na hata tukiacha riba, tunaaminiana? Mwaka 2017 serikali yetu ilichoma vifaranga zaidi ya elfu sita vilivyotoka Kenya, pale pale Namanga. Machi 2021 yenu ikazuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakajipanga foleni. 2025 sisi tukapiga marufuku wageni kwenye biashara ndogo ndogo, kuanzia saluni hadi ufundi wa simu, na nyinyi mkalalamika, kwa haki kabisa kwa maoni yangu. Jumuiya yenyewe, ofisi zake ziko hapa hapa mjini kwetu, kila mwaka ni kilio cha nchi wanachama kutolipa michango. Ni kikoba ambacho wanachama hawaleti hisa, halafu kinataka kuanza kukopesha.

Soma kidogo habari za Ugiriki, wanaotumia euro pamoja na wenzao wa Ulaya, ukipata nafasi. Mwaka 2015 benki zao zilifungwa na mtu akaruhusiwa kutoa euro 60 kwa siku, na wale wapo kwenye umoja wenye hela kuliko sisi, wenye mifuko ya kuokoana. Sisi mwaka wa ukame Turkana, mlipakodi wa Mbeya atachangia? Na Rufiji ikifurika, wa Eldoret atachangia? Waulize watu wa mtaani kwako, kisha unijibu.

Ninachotaka mimi ni kidogo na kinawezekana kesho. Makato ya kutuma hela kwa simu kutoka Kenya kuja Tanzania yashuke hadi karibu na yale ya ndani ya nchi. Kubadili shilingi kwa shilingi kufanyike benki moja kwa moja, bila bei kupitia kwenye dola kwanza ikakatwa mara mbili. Benki kuu zetu zina mfumo wao wa malipo wa kikanda, EAPS, zaidi ya miaka kumi sasa, lakini mchuuzi wa soko lenu la Marikiti ukimtajia jina hilo atadhani ni kampuni ya mabasi. Ukishushwa hadi kwenye simu yake, kijana wa chenji itabidi atafute kazi nyingine, nusu ya malalamiko yako itakuwa imeisha, na hakuna aliyeuza riba yake kwa mwenzake.

Niulizie bei ya vitunguu Marikiti Jumatatu asubuhi, ile ya wavu siyo ya rejareja. Ikiwa nzuri napakia Jumatano. Na zile hela za gari la mwisho usizibadili huko, nitumie hivyo hivyo kwa shilingi zenu, naona zimekaza wiki hii. Msalimie mama watoto, na mwambie ugomvi huu haujaisha.

Wako,
Elia