Barua ya Wazi kwa Ndugu Mkurugenzi: Nijibu, Hata Kama ni Hapana

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu,

YAH: OMBI LA RUHUSA YA MASOMO, KWA MARA YA NNE

Tafadhali rejea mada tajwa hapo juu. Rejea pia barua zangu tatu zilizotangulia, kama masijala wataziona.

Ijumaa iliyopita, kwenye kikao cha watumishi wa afya, ulisimama ukatuambia kwamba tangu ufike hapa hakuna mtumishi aliyekuomba ruhusa ya masomo ukamnyima. Ukumbi ukapiga makofi. Wenzangu wawili wa kituoni hawakupiga, waligeuka wakanitazama. Nikainama, maana ulichosema ni kweli tupu. Hujaninyima. Hujanijibu tu.

Mimi ni muuguzi mwenye Stashahada ya Uuguzi na Ukunga, mwaka wa 11 sasa katika kituo chako cha afya kile cha ng'ambo ya mto, ambacho gari lako hukifikia kiangazi tu. Kule kwetu kila aliyevaa nguo nyeupe ni dokta. Hata dada anayepiga deki wodini huitwa dokta, naye huitika. Mimi sikutaka kuitika bure, nikaamua kwenda kuusomea udaktari wenyewe.

Nilichokuta njiani si kosa lako, na sikutupii wewe. Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) unamruhusu tabibu, yule anayetibu chini ya daktari, mwenye stashahada kuingia Udaktari wa Binadamu akiwa na wastani wa B, au GPA ya 3.0, pamoja na masomo yake ya kidato cha nne. Stashahada yake ni miaka mitatu, yangu miaka mitatu. Yake ngazi ya sita, yangu ngazi ya sita. Yangu haikutajwa. Muuguzi anaonyeshwa shahada ya uuguzi, basi. Anayetaka udaktari arudi akatafute Fizikia, Kemia na Biolojia za kidato cha sita, kama vile hajawahi kuona damu.

Nikarudi. Mama wa watoto wawili, nikajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, namba inaanza na herufi P. Nikitoka zamu ya usiku nilikuwa napanda bodaboda hadi sekondari moja kufanya mazoezi ya maabara na vijana, mmoja wao mdogo wake nilimpokea mwenyewe leba siku anazaliwa. Usiku nimeshika dripu ya magnesiamu ya mama mwenye kifafa cha mimba, asubuhi nimeshika uzi wenye jiwe nahesabu linavyobembea, mara 20, niandike muda. Lile jiwe lilinitesa kuliko kifafa. Lakini nikafaulu: Biolojia B, Kemia C, Fizikia C. Kiwango cha chini cha kuingia udaktari ni pointi 6 kwa masomo hayo matatu, mimi nina 10, maana B ni pointi 4 na C ni 3.

Chuo kikanichagua. Nikaleta barua kwako kwa kufuata ngazi, kupitia kwa Mganga Mfawidhi, kupitia kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kila mmoja akaweka muhuri wake. Jina langu lilikuwa kwenye mpango wa mafunzo wa Halmashauri. Muhula ukafunguliwa mwezi Oktoba, jibu hakuna. Nikaambiwa jalada liko mezani kwako. Nikaambiwa limerudishwa. Nikaambiwa aliyekuwa nalo yuko likizo ya uzazi, nikampongeza. Nafasi ikapotea.

Mwaka huu nimechaguliwa tena. Na jalada, nimeambiwa juzi, "halionekani".

Nimejaribu kukuelewa, Ndugu Mkurugenzi. Labda ni ikama: tuko wauguzi wanne, nikiondoka wanabaki watatu, na usiku mmoja una mama sita. Hilo nalijua kuliko wewe, maana mimi ndiye huyo wa nne. Labda unaogopa nikishakuwa daktari nitakimbilia mjini. Nipe mkataba wa kurudi, nausaini leo, hata kwa damu, vifaa vya kuitoa tunavyo. Au labda ni yale maneno ya korido, kwamba nesi anayetaka udaktari anajikweza. Sijui. Mtu asiyejibiwa hubaki kubuni, na mimi nimebuni hadi usingizi umeisha.

Usiniambie niende tu. Nikiondoka bila ruhusa, zikizidi siku tano mimi ni mtoro kazini na kanuni zinaruhusu nifukuzwe. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi siupati, ni wa wasio na ajira na wasiozidi miaka 35, nami nimetimiza 36 mwezi Machi. Mshahara huu ndio ada, ndio unga, ndio sare za watoto. Masomo yenyewe ni miaka mitano na mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Fanya hesabu, nikianza mwaka huu nitamaliza nikiwa na miaka 42. Kila mwaka jalada linapolala, mimi silali nalo, nazeeka.

Daktari tuliye naye ni mmoja. Akiitwa wilayani kwenye semina, simu yangu ndiyo chumba cha upasuaji: yeye anaelekeza, mimi natenda, mume wa mgonjwa anashika tochi. Wiki mbili zilizopita kondo la nyuma liligoma kutoka na mama anavuja damu, mtandao ukakatika katikati ya sentensi. Mama mzima, mtoto mzima. Asubuhi mume wake akaniletea kuku, akasema, "Asante, dokta." Nilikwenda choo cha watumishi nikalia.

Nilianza barua hii nikitaka mengi. Nilitaka uwaandikie wakubwa wako juu ya mlango wa wauguzi kuingia udaktari, nilitaka uniongezee wenzangu kituoni kabla sijaondoka, nilitaka uniombe radhi kwa mwaka uliopotea. Yote nayaacha. Nataka karatasi moja. Ukiandika ndiyo, nitashukuru. Ukiandika hapana, andika hapana, weka sahihi na tarehe, nijue nakata rufaa dhidi ya nini. Ila niandikie. Usajili chuoni unafungwa wiki mbili zijazo.

Jumatatu ni siku yangu ya ofu. Nitapanda basi la alfajiri na nitakaa kwenye lile benchi la masijala hadi ofisi ifungwe. Nakala ya jalada zima ninayo, mihuri yote ipo, na kama wino umeisha, kalamu nitakuja nayo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Muuguzi wa zamu ya usiku,
Cheki namba yangu ya utumishi unayo.