Kijana fundi redio wa Mwanga, asante

Juzi redio ilitafuna kanda yangu ya bendi ya roki ya Iron Maiden, albamu ya Powerslave ya 1984, niliyoitunza tangu ujana. Utepe ukakatika. Usingizi sikuupata.

Fundi mmoja hapa Mwanga, Kigoma, alifungua skrubu taratibu, akanyoosha utepe uliokunjamana kwa ukucha, akakata ncha kwa wembe na kuziunga kwa selotepu nyembamba. Kichwa cha redio, kile kinachosoma utepe, akakifuta kwa pamba na spiriti. Kisha akauzungusha utepe kwa penseli. Wimbo wa mwisho, dakika 13 na ushee, tuliusikiliza wote. Uliruka mara moja tu. Gitaa zile mbili, jamani!

Pesa akakataa: "Mzee wangu, hii haipatikani tena."

Mwanangu, hukutaka nikutaje. Mungu akuzidishie. Nanyi wenye kanda zilizokatika, msizitupe, mpelekeeni.