Boksi nililolitupa kwenye dampsta

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wenu wa makala ya helikopta aliipa kampuni ya Bell mistari minne: ilianzia Buffalo, ikahamia Texas, ikauza duniani kote, basi. Sina ugomvi naye, maana hakuna alichokosea. Ila mimi naishi Buffalo kwenyewe, na kazi yangu imenifikisha mahali ambapo mistari minne haitoshi. Tena nina kosa la kuungama, na nikilinyamazia barua hii itakuwa unafiki.

Ninafanya kazi ya kuhamisha vitu kwenye nyumba za marehemu. Mzee akifariki, watoto wako California au Florida, na dalali anataka funguo kabla ya Ijumaa. Hapo kampuni yetu inaitwa, nasi tunaingia na glovu na mifuko myeusi. Kwenye timu ya watu sita, wanne tunaongea Kiswahili: mimi na wenzangu wawili wa Uvira, kule Kongo, na Mrundi mmoja aliyekulia kambini Kigoma. Fanicha nzuri inauzwa, nguo zinapelekwa kwa wahitaji, na yaliyobaki yote yanaishia kwenye kontena kubwa la taka lililoegeshwa nje, ambalo huku hata bibi zetu wameshajifunza kuliita dampsta.

Februari moja tulipewa nyumba West Seneca, nje kidogo ya jiji. Kwenye besimenti, nyuma ya tangi la maji moto, nikakuta boksi la viatu lililofungwa uzi. Ndani mlikuwa na picha nyeusi na nyeupe kama arobaini, beji ya kiwandani yenye sura ya kijana aliyechana nywele upande, daftari la hesabu zilizoandikwa kwa penseli, na kopo bapa la filamu. Nilipolifungua lile kopo harufu ya siki ikanipiga usoni, nikalifunga haraka nikidhani kuna kitu kimeoza. Nikamuuliza msimamizi. Akajibu bila kugeuka: vyote viende. Nikavipeleka. Nilibakisha picha moja tu, kwa sababu ilikuwa na helikopta na mwanangu alikuwa na miaka sita.

Helikopta yenyewe ni ya ajabu. Kiti kiko wazi kama cha trekta, na juu, pale mapanga yanapokutania, kuna fimbo fupi iliyokatana nayo kama msalaba, yenye vizito kwenye ncha zake mbili. Watu saba wamesimama mbele yake kwenye theluji, mmoja ameshika kofia ili isipeperuke. Nyuma ya picha hakuna hata herufi moja.

Ilikaa kwenye friji letu, imebanwa kwa sumaku, hadi siku bibi jirani, Mmarekani aliyekwishavuka miaka tisini, alipotuletea keki. Akasimama mbele ya friji, keki bado mkononi, akanyoosha kidole kwenye ile fimbo. "Hii ni ya Gardenville," akasema. "Baba alifanya kazi pale." Baba yake hakuwemo kwenye picha, lakini alimtambua wa tatu kutoka kushoto: fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuwa akija kwao kucheza karata. Wale wengine sita aliwatazama muda mrefu, akatikisa kichwa, akaomba kisu cha kukatia keki.

Gardenville ni sehemu ya West Seneca. Huwa napita na lori letu Union Road, njia ya kule, na kwa miaka yote sikuwa nimeona cha kunisimamisha. Mwaka 1942 palikuwa na gereji ya zamani ya magari ya Chrysler, na humo Bell ikamweka mbunifu wa helikopta yake, Arthur Young, na mafundi wachache. Vita vilikuwa vimepamba moto. Viwanda vikubwa vya kampuni vilikuwa vikitoa ndege za kivita aina ya P-39 kwa maelfu, nyingi zikipelekwa kwa Warusi, na mwaka huohuo P-59 yao ikawa ndege ya kwanza ya jeti kuruka Marekani. Katika shughuli ile, helikopta ilikuwa mtoto wa kambo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyokuwa bahati yake, kwani pale gerejini hakukuwa na mkubwa wa kuja kila saa kuuliza imefikia wapi.

Young mwenyewe alikuwa amesoma hisabati Princeton, halafu akatumia zaidi ya miaka kumi akitengeneza helikopta ndogo za majaribio, za mwisho akiwa kwenye banda la shambani kwake Paoli, Pennsylvania. Moja ikianguka, anaokota vipande na kuanza upya. Tatizo lililokuwa likiwashinda wengi ni kwamba helikopta ikisimama hewani haitulii: inainama huku, rubani anairudisha, inapitiliza kule. Dawa yake ilikuwa ile fimbo ya msalaba. Sisi ambao utotoni tulicheza pia, kile kidude cha kuzungusha kwa kamba, hatuhitaji darasa refu hapa. Pia ikizunguka kwa kasi haikubali kuinamishwa. Fimbo yenye vizito nayo, ikizunguka, hubaki kwenye usawa wake hata mwili wa helikopta ukiyumba, na kwa kuwa imeunganishwa na mapanga, huyarudisha nayo kwenye usawa. Mwaka 1941 aliwaonyesha wakubwa wa Bell modeli yake ikielea ndani ya jengo, wakamchukua.

Tarehe 29 Desemba 1942 helikopta yao ya kwanza yenye ukubwa wa kubeba mtu, Model 30, ikanyanyuka ikiwa bado imefungwa kamba, kama mbuzi asiyeaminika. Waliipa jina la kike, Genevieve. Mwaka 1944 rubani Floyd Carlson aliirusha ya pili ndani ya ukumbi wa jeshi hapa Buffalo, watu wakiwa wamekaa wanatazama. (Watu wa huku hupenda kusema hilo halijawahi kufanyika popote kabla. Limefanyika: Mjerumani Hanna Reitsch alirusha helikopta ndani ya ukumbi Berlin mwaka 1938. Tuwe wakweli hata tunaposifia kwetu.)

Ninalolipenda zaidi ni la majira ya baridi ya 1945. Januari, rubani wa majaribio wa Bell, Jack Woolams, aliruka kwa parashuti kutoka kwenye P-59 iliyomshinda, akatembea kwenye theluji hadi nyumba ya mkulima, miguu ikiwa imeganda. Barabara zilikuwa zimezibwa na theluji, hivyo Carlson akampakia daktari kwenye helikopta akampeleka hadi pale shambani. Miezi miwili baadaye wavuvi wawili walikwama kwenye barafu ya Ziwa Erie, na Carlson akaenda kuwatoa mmoja mmoja. Anayeijua barafu ya ziwa hili mwezi Machi, inavyokatika vipande na kuelea na mtu juu yake, ataelewa kwa nini wazee wa hapa bado wanaisimulia. Hapo helikopta haikuwa hata na kibali cha kiraia. Kibali kilikuja tarehe 8 Machi 1946, kwa Bell 47, na hakuna helikopta nyingine popote iliyokuwa imekipata kabla yake. Sikorsky, mtengenezaji mwingine wa helikopta hapa Marekani, alitangulia kuruka, sawa, lakini kibali cha raia walitangulia hawa. Baada ya hapo zilitengenezwa zaidi ya 5,600, ukijumlisha za Italia, Japani na Uingereza, na kwenye vita vya Korea zikabeba majeruhi kwa maelfu kwenye machela za pembeni. Mwaka 1951 kazi ya helikopta ikaanza kuhamishiwa Texas. Baadhi ya familia zikahama nayo, nyingine zikabaki, na waliobaki ndio ambao sisi tunasafisha nyumba zao.

Sasa mtu atasema: si makumbusho yapo? Yapo, na yamefanya kazi nzuri. Genevieve imehifadhiwa na makumbusho ya taifa ya Smithsonian, kwenye jengo lao la Virginia. Bell 47 moja ilichukuliwa mwaka 1984 na jumba la sanaa za kisasa la MoMA, New York, ikatundikwa kama vile ni sanamu. Niagara Falls, mwendo wa nusu saa kutoka kwangu, kuna makumbusho ya anga. Young aliacha maandishi na filamu za majaribio yake. Chuma kipo, na wakubwa wanajulikana. Lakini mapanga ya kwanza yalikuwa ya mbao, na mbao haijipimi yenyewe uzito. Kuna mtu aliyekuwa akipiga msasa upande huu, anaweka kwenye mizani, anarudi kupiga msasa upande ule, hadi mapanga mawili yalingane, kwa sababu yasipolingana rubani anatetemeshwa hadi meno. Ufundi wa mtu huyo uliandikwa wapi? Huenda ulikuwa kwenye lile daftari la penseli. Huenda zilikuwa hesabu za dukani tu. Sitajua kamwe, na hilo ndilo linaloniuma.

Ajabu ni kwamba mimi si mtu wa kudharau karatasi. Tulipotoka Uvira mama alifunga vyeti na picha tatu kwenye mfuko wa nailoni, akauvaa kifuani hadi tunafika Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania. Picha moja ina mwanamume ambaye mama alisema ni shangazi yangu upande wa mume, akimaanisha mume wa shangazi, na jina lake amekwenda nalo. Kwa hiyo nilipolinyanyua lile boksi nilijua kabisa ninachonyanyua. Nilikuwa na baridi, na saa zilikuwa zinakwenda.

Ninachowaomba ni nafasi kidogo kwenye gazeti lenu kuwafikia Waswahili wenzangu wanaofanya kazi hizi, hapa na kwenye miji mingine ya viwanda vya zamani. Ukikuta beji ya kiwandani, usikimbilie msimamizi kama nilivyofanya mimi. Mpigie simu mtoto wa marehemu, maana mara nyingi hata hajui kama boksi lipo. Akisema halihitaji, muulize kama likipelekwa makumbusho atakubali, na aandike hivyo kwenye ujumbe wa simu, usije ukaitwa mwizi. Kopo la filamu likinuka siki, filamu imeanza kuharibika na haina muda mrefu, hivyo liwahishwe kwa wataalamu kabla ya vingine. Usiiache kwenye besimenti yenye unyevu ukidhani umeisaidia. Majina yaandikwe nyuma ya picha kwa penseli laini, kwa mkono mwepesi, kwa kuwa wino hupenya ukatokea usoni. Na kama kuna mzee jirani, mpelekee picha leo, wala usisubiri Jumapili.

Bibi wa keki alihamishiwa kwa binti yake Ohio mwaka jana. Nimewaambatanishia nakala ya ile picha. Wa tatu kutoka kushoto jina lake ninalo, nimelihifadhi hadi niipate familia yake inikubalie lichapishwe. Kwa wale sita, naomba mwichape kubwa kadiri nafasi itakavyoruhusu, nyuso zionekane, hasa wa mwisho kulia, aliyeshika kofia.

Wako,
Msomaji wenu, Buffalo, New York