Kabati la msaji si rangi tu

Mhariri,

Siku hizi hapa Kisumu kila mtu anataka kabati refu la sebuleni, yale ya staili ya Denmark ya miaka ya 1950 na 1960, miguu myembamba imeinama kidogo, milango ya kusukuma pembeni, basi fundi anapaka saiprasi vanishi ya kahawia anakuambia huo ni msaji, yaani mbao ya tiki. Mimi nililizwa, sisemi na nani. Sasa nikienda soko la Kibuye navuta droo kwanza, naangalia kona kama mbao zimeshikana kwa meno ama ni misumari na gundi tu, halafu nachungulia mgongoni. Na msiogope vinia, hata yale makabati ya Denmark yenyewe mengi ni ubao wa kawaida umevikwa ganda jembamba la msaji, shida ni ukipiga msasa sana ganda linaisha. Mvule wetu pia ni mzuri, mtu asikudanganye.

Halafu pima mlango wa nyumba jamani! Langu la kwanza lililala veranda siku mbili. Na usiliweke mahali jua linapiga, rangi inabadilika upande mmoja.

Msomaji wenu,
Kondele, Kisumu